Dirisha la Mama Nsimire

Ningesema hapana. Mkurugenzi wa ukumbi aliponiambia niweke mlima dirishani, ningeufunga mchoro wangu ndani ya kitenge nilichokuja nacho, nimshukuru kwa chai, nirudi mtaani kwetu Majengo kwa miguu bila nafasi katika maonyesho yake. Leo njia hiyo naiona wazi, hata mawe yake nayaona. Siku ile sikuiona. Nilisema, "Nitaweka," tena haraka, kama mtu aliyeonyeshwa kiti na kuogopa kwamba mwingine atakikalia.

Yote haya yamenirudia tangu mwezi uliopita, mwanamke mmoja kutoka Bukavu alipopiga hodi hapa kwangu Keshero, mjini Goma. Alisema anaitwa Riziki, na kwamba mama yake, Nabintu, amefariki. Nilimwambia akae, nami mwenyewe nikabaki nimesimama nimeshika mlango, maana jina la Nabintu sikuwa nimelisikia likitamkwa na mtu mwingine kwa miaka mingi sana. Nitafika kwenye jambo alilokuja kuomba. Kwanza nataka kuueleza mwaka ule, kwa sababu ndio mwaka nilioishi vizuri kuliko yote, na si haki majuto yaule wote pamoja na furaha yake.

Nilikuwa kijana, nina diploma ya sekondari na sina kazi. Nilichora volkano juu ya vitambaa vya magunia ya unga, nikaziuza kwa watalii kwenye geti la hoteli. Mlima mweusi, moto mwekundu, anga ya njano. Ningeweza kuuchora nikiwa nasinzia, na mara nyingine nilifanya hivyo. Nilipanga chumba kwa Mama Nsimire, mjane aliyetoka upande wa Bukavu, aliyepiga pasi nguo za watu kwa pasi ya makaa. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, imekaa juu ya mawe ya lava kama jirani zake zote, na kati ya ubao na ubao upepo wa ziwa ulipita bila kubisha. Watawa aliowafanyia kazi walikuwa wakimfungia mashuka yao katika kurasa za magazeti ya zamani kutoka Ulaya. Mama Nsimire hakutupa kitu. Alipika uji mzito wa unga wa muhogo, akazibandika kurasa zile ukutani, upepo ukakoma. Ndivyo ilivyotokea kwamba juu ya meza tuliyolia, katikati ya tangazo la sabuni na picha ya ng'ombe mnene, kulikuwa na mchoro wa zamani wa Kifaransa.

Jina la mchoraji lilikuwa limekatwa na mkasi. Chini yalibaki maneno machache tu, yakisema kwamba ni kazi ya karne ya kumi na tisa. Mwanamke ameketi karibu na dirisha, anashona. Mezani kuna vikombe viwili na kitambaa cheupe. Basi. Hakuna mfalme, hakuna malaika, hakuna simba. Siku za kwanza niliudharau. Nikadhani huyu Mfaransa alikosa kitu cha kuchora, akachora jirani yake. Lakini kiti changu kilikuwa kikiuelekea ukuta ule, na mtu akila bugali na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, mbele ya kitu kila siku, mwishowe kitu hicho kinaanza kumwangalia. Jioni moja niliona kwamba kivuli juu ya kile kitambaa cheupe hakikuwa cheusi. Kilikuwa cha bluu. Niliinuka na tonge mkononi nikasogea mpaka ukutani. Karibu, mkono wa yule mwanamke haukuwa mkono: mabaka matatu ya rangi, moja la waridi, moja la kijivu, moja kama la chungwa. Nikarudi mezani, mkono ukarudi kuwa mkono. Nikaenda tena. Nikarudi tena.

"Bahati," Mama Nsimire aliniambia, "ule mwanamuke wa ku ukuta hatakuongeza bugali. Kaa chini."

"Mama, angalia kivuli. Ni bluu."

"Kivuli cha Wazungu kiko bluu. Cha sisi kiko nyeusi. Kula."

Binti yake Nabintu, aliyekuwa akichambua maharage kwenye sinia, alinyanyua kichwa akaangalia shuka la watawa lililokuwa juu ya meza ya pasi. Aliliangalia kwa muda. "Mama," akasema polepole, "hata cha sisi kiko bluu." Na sote watatu tukaligeukia lile shuka, hata Mama Nsimire, pasi ikiwa imening'inia hewani na moshi wa makaa ukimpita usoni. Ilikuwa kweli. Chini ya kila kunjo palikuwa na bluu, na pembeni, karibu na pasi, palikuwa na zambarau. Chumba kile nilikuwa nimelala karibu nacho tangu masika na sikuwa nimekiona. Sikumbuki furaha nyingine inayofanana na ile. Nimeoa, nimepata watoto, nimewaona wakihitimu. Nasema hivi bila kuwakosea.

Kesho yake nilimpa Papa Kasereka, seremala wa nyuma ya nyumba, kopo langu la rangi nyeusi apake mlango wa choo chake. Aliniuliza kama nimechanganyikiwa. Mchoraji wa Goma asiye na rangi nyeusi, akasema, ni kama seremala asiye na misumari. Mji wote umekaa juu ya mawe meusi. Nilimwambia mawe si meusi, aangalie vizuri baada ya mvua. Aliangalia. "Bado iko nyeusi," akasema, "lakini asante kwa rangi." Na nilianza upya, kama mtoto wa darasa la kwanza. Wiki nzima nilichora yai tu. Halafu termosi. Halafu kile kitambaa cha kufuma ambacho Mama Nsimire alikiweka juu ya redio. Nilipokosea nilikwenda kumwuliza yule Mfaransa wa ukutani, naye alinijibu kila mara, kwa njia yake ya kutosema neno.

Baadaye nikasema nitachora chumba chote, nikipeleke kwenye maonyesho ya ukumbi wa mji. Asubuhi, jua lilipopanda, mwanga uliingia kwenye nyufa za mbao kwa mistari mirefu, ukalala juu ya meza ya pasi, juu ya bega la Mama Nsimire, juu ya sinia. Na dirishani, dirisha moja tu la nyumba ile, alisimama Nabintu, mkono mmoja kwenye fremu, amevaa blauzi ya bluu, mwanga ukimzunguka kichwa mpaka nywele zake zionekane na rangi ya shaba. Mama anapiga pasi, binti anapumzika dirishani kabla ya kurudi kazini. Huo ndio mchoro. Nilijua siku ile ile kwamba ndio, na kwamba uso wa Nabintu ndio ulioushikilia, kama msumari unavyoshikilia kalenda.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa leo, mwenye simu inayopiga picha kila dakika, anaweza asilielewe. Kwetu binti wa mtu hakuangaliwa bure. Kijana anayekaa miezi mbele ya msichana ndani ya nyumba ya mama yake, akimkazia macho, amekwisha kusema jambo, hata kama hajafungua mdomo. Watu wa robine, pale tulipochota maji, walilisema kwa niaba yangu. "Artisti," waliniita, "unachora ao unaposa?" Mwingine akamjibu, "Anaposa kwa brashi, mahari atachora pia." Nilicheka nao. Nabintu hakucheka, alijitwika kidumu chake na kuondoka kwa mwendo ule ule. Ndipo Mama Nsimire alipotoka siku moja mpaka robine, ingawa hakuwa na ndoo, akawaambia mbele ya kila mtu: "Mungoje. Siku ya ekspozisyo muende pale ku ukumbi, mutamuona mutoto wangu ku ukuta, batu bote batamuona. Hapo mutajua alikuwa anafanya kazi gani."

Tangu siku ile mchoro haukuwa wangu peke yangu. Ulikuwa jibu la nyumba ile kwa mtaa mzima. Na baada ya kula, jioni hiyo hiyo, mama yule aliniambia akikung'uta makaa ya pasi, bila kuniangalia: "Ekspozisyo ikiisha, ulete bajomba zako toka Rutshuru. Siseme mingi." Hakuhitaji kusema mingi. Nilimtazama Nabintu, alikuwa ameinamia maharage, anatoa jiwe, analitupa, anatoa lingine, na nina hakika kwenye sinia hakukuwa na mawe kiasi kile.

Nilichora kwa miezi, mvua na kiangazi. Nabintu alisimama dirishani kila asubuhi mpaka mwanga ulipohama, na alizungumza wakati wote, kwa sababu nilimkataza kusogea lakini sikumkataza kusema. Aliniambia nani amegombana na nani, shuka la mtawa yupi lina kiraka, na kwamba Papa Kasereka ameupaka mlango wa choo rangi nyeusi na sasa unang'aa kuliko mlango wa kanisa. Hilo la mlango alikuwa akiliona kutoka pale aliposimama, kwa maana dirisha la Mama Nsimire lilielekea choo cha Papa Kasereka moja kwa moja. Alikuwa na jicho. Mara mbili tatu alikuja upande wangu, akaangalia, akasema, "Shingo umeifanya ya mutu mwingine," na nilipofuta na kuanza tena niliona ni kweli. Siku nilipomaliza alikuja kusimama nyuma yangu kwa muda mrefu. Alisema tu, "Njo miye." Ndiye mimi. Hakuna aliyewahi kunisifu zaidi ya hapo.

Ukumbi ulikuwa kando ya ziwa. Papa Kasereka alitengeneza fremu kwa mbao zake nzuri, mimi nikaupachika mchoro na kuufunika kitenge ili mtaa usiuone kabla ya siku yake, tukaufunga juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, tukausukuma mpaka chini wiki moja kabla ya maonyesho ili mkurugenzi auone. Papa Kasereka alirudi na chukudu yake. Mimi nilibaki barazani na mkurugenzi, mtu mpole, mwenye suti iliyopigwa pasi vizuri, pengine na Mama Nsimire mwenyewe. Aliangalia kwa muda mrefu, akasogea, akarudi nyuma, kama nilivyofanya mimi mbele ya yule Mfaransa. Alikuwa anajua kuangalia, simnyimi hilo.

"Ni kazi nzuri sana," akasema. "Ni nzuri kuliko zote zenye zilikuja. Lakini hii chumba inaweza kuwa Kisangani. Inaweza kuwa hata Ubelgiji. Goma iko wapi?"

"Goma ni hii chumba, Mkurugenzi."

"Weye unajua, miye najua. Mugeni atajua aje? Weka mulima mu dirisha. Ukiweka mulima, nakupa ukuta mukubwa, ule wa mbele ya mulango."

"Mu dirisha kuna binti."

Aliitikia kwa kichwa, kwa huruma ya kweli. "Babinti bako bengi mu Goma," akasema. "Mulima iko moja."

Nikasema nitaweka. Rangi nilikuwa nazo kwenye mfuko. Uso wa Nabintu ulikuwa bado laini, kwa sababu nilikuwa nimeurudia juzi yake tu, na rangi mbichi ingechanganyika na ya mlima ikawa matope. Basi nilimkwangua kwa kisu, nikafuta kwa kitambaa mpaka uzi wa gunia ukaonekana. Halafu nikaupaka mlima. Niseme ukweli: niliufurahia. Nilikuwa nimechora mlima ule maelfu ya mara nikiwa kipofu, na sasa nilikuwa na macho. Niliupaka bluu na zambarau, na wingu lenye waridi upande wa chini, bila tone la nyeusi. Sijawahi kuchora mlima mzuri kama ule, wala sijauona wa mtu mwingine. Nikijiambia nini? Kwamba Nabintu nitamchora tena, peke yake, kwenye kitambaa kikubwa. Kwamba wakiuona ukuta ule watasahau dirisha. Nyumbani sikuwaambia kitu. Wiki nzima nilikula bugali yao bila kuinua macho, nao walidhani ni hofu ya siku kubwa.

Na siku ilikuwa kubwa. Majengo waliteremka wote, wa robine, wa kanisa, watoto wameoshwa mpaka magoti. Mama Nsimire alivaa kitenge cha umoja wa akina mama, Nabintu blauzi ile ile ya bluu, ili mtu yeyote asiweze kukosea. Milango ilifunguliwa, na kitu cha kwanza walichokiona kilikuwa chumba chao. Nilisikia sauti ile, na mpaka leo naisikia, watu wengi wakivuta pumzi pamoja. "Pasi ya Mama Nsimire. Angalia pasi." "Hata makaa iko inawaka." Mzee mmoja aliyekuwa haoni vizuri alisogea mpaka karibu, akasema haoni kitu ila madoa, mjukuu wake akamrudisha nyuma kwa mkono, hatua kwa hatua, mpaka mzee akaanza kucheka peke yake. Wageni waliovaa suti walisimama nyuma ya wanawake wenye watoto mgongoni na kusubiri zamu. Watu waliokuwa hawajawahi kuingia ndani ya ukumbi ule waliingia siku ile, na walichokikuta ukutani ni meza ya kupigia pasi, shuka lenye kivuli cha bluu, ukuta wa mbao. Wakapiga makofi. Nikanyanyuliwa mkono. Nilikuwa na miaka michache kupita ishirini, na mji wangu wote ulikuwa unaangalia nilichokiona. Hilo hakuna atakayenipokonya, na mimi mwenyewe silirudishi.

Papa Kasereka ndiye aliyeanza. "Artisti," akasema kwa sauti yake ya kiwandani, "dirisha ya Mama Nsimire inaangalia choo yangu. Choo yangu imekuwa volkano?" Ukumbi wote ukacheka, nami nikacheka. Kicheko kilipokuwa kinaisha, mwanamke mmoja wa robine akauliza, wala si kwa ubaya, kama mtu anayetafuta kitu alichoahidiwa: "Sasa Nabintu iko wapi?" Wakamtafuta. Walimtafuta mezani, kwenye kivuli, pembeni mwa fremu. Mwingine akasema, polepole zaidi, "Basi miezi yote ile alikuwa anafanya nini mule ndani?"

Mimi ndiye niliyekuwa na jibu, na nilikuwa nimeshikwa mkono na mkurugenzi mbele ya watu. Ningeweza kusema: alikuwa pale, nimemtoa mimi, kwa tamaa ya ukuta. Maneno machache yangetosha. Nilitabasamu. Nabintu aliliangalia lile dirisha kwa jicho lake lile la kuona kosa la shingo, akaniambia, "Umeipaka muzuri," kisha akamshika mama yake mkono wakatoka. Watu waliwapisha njia kwa upana kuliko ilivyohitajika.

Niliwaleta wajomba hata hivyo. Mama Nsimire aliwapokea kwa heshima, akawapa bugali na sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, akawauliza habari za ng'ombe na za mvua ya Rutshuru. Walipomaliza kunawa mikono, aliwaambia kwamba binti yake amekwenda Bukavu kwa shangazi yake, na atakaa huko. Halafu akanigeukia mimi. "Bahati, weye njo ulimutoa mu dirisha," akasema. "Miye nikamutoa mu nyumba. Alikuwa hawezi tena kwenda kuchota maji." Nikahama mwisho wa mwezi. Nilipoutazama ukuta mara ya mwisho, yule Mfaransa alikuwa bado pale na mwanamke wake anayeshona. Yeye hakumtoa mtu.

Miaka baadaye mlima wenyewe ulishuka. Lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na nyumba ya Mama Nsimire ilikwenda pamoja na mtaa wake, na kila kilichobandikwa kwenye kuta zake, na kisanduku cha picha ambacho Nabintu alikuwa amekiacha kwa mama yake. Mama Nsimire alitoka mzima, na pasi yake, akaenda kuishi Bukavu. Ukumbi haukuguswa. Kwa hiyo katika nyumba ile yote, kilichobaki duniani ni pasi ile na kile nilichokipaka.

Na hilo ndilo lililomleta Riziki. Nilimpeleka ukumbini, tukasimama mbele ya ule ukuta mkubwa. Rangi haijafifia. Alipoiona pasi alifunika mdomo. "Koko," akasema, "huyu njo koko wangu," akaanza kumweleza nyanya yake kwa mtu yeyote aliyepita, mlinzi, mwenye kufagia, namna alivyopinda kiwiko, namna alivyouma mdomo akifika kwenye kola. Alipiga picha na simu yake kila upande. Nilijivuna, sitaficha. Nilisimama wima kuliko mgongo wangu unavyoruhusu. Halafu akasema, "Papa, Mama alituambia alikuwa mu dirisha, mukamufunika na mulima. Picha zake za usichana zote zilipotea. Tunaomba: ile rangi ya juu haiwezi kutoka? Hata kidogo, tuone sura?"

Nilimwambia hakuna kitu chini yake. Nilimwambia kuhusu kisu. Akaniuliza, kwa upole uliokuwa wa mama yake kabisa, kama basi naweza kumchora tena kutoka kichwani. Nikasema nitajaribu, na nimejaribu mwezi huu mzima, hapa mezani, kila asubuhi. Najua kivuli chini ya taya yake kilikuwa rangi gani. Najua shaba ya nywele zake na mahali mwanga ulipokata bega. Nikifika kwenye uso wenyewe, mkono unasimama.

Ule ukuta niliupata, na bado ni wangu. Kwa ajili yake nilimkosa Nabintu, aliyekuwa awe mke wangu, nikamfanya akimbie mji wake kwa aibu isiyokuwa yake, na leo watoto wake wananiomba uso wa mama yao, nami sinao.